UVUMBUZI NI MALI, NAO UANDIKWE
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Ipelele)



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila katibu huikumbuka methali hiyo anapopima viazi au pareto ya wanachama. Ni wachache wanaoikumbuka mwanachama anapobuni kifaa kipya.

Na uchukuliwe mfano wa seremala wa Ipelele. Mvua na ukungu wa nyanda hizi huchelewesha kukauka kwa maua ya pareto, na ua lililooza halina bei. Seremala huyo anaunda kaushio litumialo kuni chache. Kwa furaha analipeleka kwenye maonyesho ya Nane Nane, uwanja wa John Mwakangale, Mbeya, na kumweleza kila apitaye namna lilivyoundwa. Msimu wa pili kaushio la namna ile ile linauzwa Makambako na mtu mwingine. Seremala hakuibiwa hata ubao mmoja, lakini jasho lake limekwenda, wala hana karatasi ya kuonyesha.

Uvumbuzi hulindwa kwa Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, na kwa Tanzania Bara msajili ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Sheria hailindi wazo lililo kichwani tu. Hulinda ufumbuzi wa tatizo la kiufundi ulio mpya, usio dhahiri kwa fundi wa kazi hiyo, na unaoweza kutengenezwa. Kifaa kilicho kipya lakini kisichofikia kipimo hicho cha ufundi chaweza kuombewa hati ya uvumbuzi mdogo. Watu wawili wakibuni kitu kimoja, kila mmoja kivyake, haki huwa ya aliyetangulia kupeleka maombi. Jambo lililokwisha kutangazwa hadharani laweza kukosa sifa ya upya.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Kwanza, mvumbuzi aandike na kuchora kazi yake, aweke tarehe na sahihi. Pili, wanaolazimika kuiona watie sahihi ahadi ya kutunza siri. Michoro isisomwe katika mkutano mkuu. Tatu, maombi yapelekwe. Maonyesho yaje baadaye.

Jambo moja limezusha ugomvi mahali pengi: mwenye haki ni nani? Chama kikimwajiri fundi ili abuni kifaa, haki huwa ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Heri mkataba uandikwe kabla ya msumari wa kwanza kupigwa, nao utaje fungu la fundi.

Hata hivyo, hati peke yake haijazi ghala. Dakta Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alibuni chujio la maji linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno zilizotengenezwa kitaalamu. Mwaka 2015 alipata tuzo ya kwanza ya Afrika ya uvumbuzi wa kihandisi, itolewayo na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Hakuishia kwenye tuzo. Alikuwa na kampuni iliyopewa jina la kijiji cha Gongali, Karatu, na mpango wake ulikuwa wafanyabiashara wadogo wakodishiwe machujio, wauze maji safi kwa majirani.

Mvumbuzi wa kijijini naye ana njia tatu: kutengeneza na kuuza mwenyewe; kumruhusu mwingine atengeneze na kumlipa mrabaha kwa kila kifaa; au kuuza haki yote mara moja. Njia ya pili hukifaa chama cha ushirika, kwa kuwa chama kina wanunuzi tayari, naye fundi hana mtaji. Kwa utengenezaji, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, ndilo mlango wa kubisha.

Ndugu Wanachama, kila chama na kiwe na daftari la ubunifu, litunzwe chini ya kufuli pamoja na hati za fedha. Fundi akiona jina lake limeandikwa humo na fungu lake limelindwa, hatakuwa na sababu ya kukificha kifaa chake nyumbani.