Mtungi Uliofunikwa Kitambaa

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, wahadhiri, wazazi mliohangaika na ada hadi leo, na ninyi wahitimu mnaotokwa jasho ndani ya majoho, habari za mchana.

Nimealikwa nizungumzie kazi ya sera za nishati. Nina jambo moja, na ofisini wamenichoka nalo.

Mwaka 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Lengo zuri, nalitetea popote. Ninachogombana nacho ni hesabu zetu. Tunagawa mitungi ya gesi, tunapiga picha, tunaandika kwamba kaya kadhaa "zimefikiwa".

Niliingia katika nyumba mojawapo iliyofikiwa. Mtungi wa kilo 6 ulikuwa sebuleni, umevishwa kitambaa cha kufuma, juu yake redio. Mwenye nyumba alikuwa uani, anapepea jiko la mkaa kwa kipande cha boksi. Gesi ya bure iliisha, hajajaza tena.

Sasa msikimbilie kumwandalia semina. Mama yule anajua moshi unavyochoma macho kuliko mimi mwenye shahada. Lakini mkaa hununua kwa kopo, kwa hela ya maandazi aliyouza asubuhi. Gesi inamdai hela ya mtungi mzima kwa mkupuo. Ataitoa wapi Jumanne? Ndiyo maana napigia debe mita za gesi, zile unazolipia kidogo kidogo kwa simu. Kodi nayo isiyumbe. Kenya waliifutia gesi VAT mwaka 2016, wakairudisha 2021, wakaifuta tena 2023. Mpishi wa mtaani apange vipi?

Mkiajiriwa, ulizeni: waliojaza mtungi mara ya pili ni wangapi? Bosi atanuna. Mimi swali hilo lilinipeleka kitengo cha kumbukumbu, kwenye mafaili na vumbi lake. Huko nilisoma ripoti zote za zamani, nikarudi na maswali zaidi.

Naona mzee mmoja hapo mbele anatikisa kichwa: wali usiopaliwa makaa si wali. Mzee wangu, maji yakikaribia kukauka punguza moto kabisa, funika vizuri, usifunuefunue. Ukoko utaupata.

Wahitimu, hongereni sana.