Daftari la Mwalimu wa Nyimbo

Hotuba iliyosomwa na karani wa chama katika mkutano mkuu wa mwaka, Kimilili



Tumeagizwa na Halmashauri tuseme machache juu ya mtunzi mmoja wa nyimbo za kanisa, aliyekuwa pia mwalimu wa uimbaji. Tumemchagua mtu ambaye wengi wenu mmeisikia kazi yake pasipo kulijua jina lake, naye ni Enoch Sontonga wa Afrika ya Kusini. Sauti ya wimbo wake ndiyo waliyoichukua ndugu zetu wa Tanganyika kuwa wimbo wa taifa walipopata uhuru mwaka 1961, na Wazambia nao wakaitilia maneno yao wenyewe.

Sontonga alikuwa Mxhosa, mzaliwa wa Uitenhage katika nchi ya Cape, yapata mwaka 1873. Alisomea ualimu Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Huko aliongoza kwaya, akapiga picha, na kuhubiri katika kanisa la Mchungaji Mzimba, lililokuwa limejitenga na wamisheni. Alimwoa Diana Mgqibisa, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume.

Nyimbo zake alizitunga kwa ajili ya wanafunzi wake, akaziandika kwa mkono katika daftari, kwa herufi za do, re, mi. Wazee waliosoma shule za misheni watazikumbuka herufi hizo ubaoni, na fimbo ya mwalimu ikizigonga moja moja. Wako vijana wanaoziona kuwa elimu duni. Sisi hatukubaliani nao. Kinanda ni ghali, lakini mwalimu mwenye kipande cha chaki na herufi hizo aliweza kuwagawia watoto sauti nne, wakaimba wimbo ambao hawajapata kuusikia.

Mwaka 1897 alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika, ubeti wa kwanza pamoja na kiitikio. Wimbo huo uliimbwa mbele ya watu mwaka 1899, alipobarikiwa Mchungaji Boweni wa Wamethodisti. Tarehe 18 Aprili 1905 Sontonga alifariki dunia, umri wake miaka thelathini na kidogo tu. Sisi tunaosoma maneno haya tumekwisha kuupita umri huo, na bado hatujatunga hata wimbo mmoja.

Baada ya kifo chake, viongozi wa kwaya walikwenda kwa mjane kuazima daftari. Kwaya ya Ohlange ya John Dube ikaueneza wimbo, na tarehe 8 Januari 1912 ukaimbwa Bloemfontein katika mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa African National Congress. Sol Plaatje akauimba katika sahani ya santuri huko London mwaka 1923. Mwaka 1925 chama kikaufanya wimbo wake, na mwaka 1927 mshairi Mqhayi akaongeza beti saba. Inasimuliwa kwamba mjane aliuza haki ya wimbo huo kwa peni sita. Alifariki mwaka 1929. Daftari lenyewe liliazimwa, likapotea, na nyimbo nyingine zilizokuwamo hatuna.

Hata kaburi lake lilipotea. Waliolitafuta walipekua vitabu vya makaburi ya Braamfontein kwa jina la Sontonga wasilione, kwa sababu aliandikwa kwa jina la Enoch tu. Tarehe 24 Septemba 1996, miaka 91 baada ya mazishi, mahali hapo palitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Sisi makarani tuliposikia habari hiyo tuliona haya, maana tunajua jinsi mtu anavyoandika jina moja jioni ili afunge kitabu aende zake.

Sasa, Wazee, tuje nyumbani. Tulipokuwa wadogo alikuwako mwalimu aliyetufundisha kuimba. Alisafiri kwa baiskeli kutoka shule hadi shule, daftari lake limefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Humo alikuwa ametia nyimbo zake za Kibukusu, baadhi zikifuata mwendo wa litungu aliousikia kwa babu yake. Alikuwa akilalamika kwamba sauti za Kizungu hupanda pale neno letu linaposhuka, na neno likageuka maana kanisani. Alipofariki tulichelewa miezi minne kwenda kuuliza. Kurasa nyingi zilikuwa zimekwisha kuwashia moto jikoni, na zilizobaki zilikuwa zimeliwa na mchwa. Hatumlaumu mtu wa nyumba ile. Sisi ndio tuliojua thamani yake tukakaa kimya. Kati yetu wanne tuliweza kukumbuka nyimbo sita, na mmoja wetu hakuwa na hakika na sauti ya tatu.

Kwa hiyo tunaomba mkutano huu ukubali mambo mawili. Kwanza, fungu dogo litengwe katika fedha za mwaka ujao kununua madaftari, na kumlipia nauli kijana ajuaye do, re, mi aende kwa wazee wanaokumbuka nyimbo, kuanzia Kimilili hadi Lugulu na kwingineko watakakotuelekeza. Pili, daftari lolote litakaloazimwa litiwe sahihi kwa karani, na katika kitabu cha chama yaandikwe majina yote ya mtunzi, la kwake, la baba yake na la ukoo wake. Kitabu hicho kipo mezani hapa, na ukurasa wa kwanza tumekwisha kuupiga mistari.