Nchi ya Mafuta na Jirani Zake: Fundisho la Nijeria



Kila msimu bei ya dizeli huingia katika hesabu za chama, kwa kuwa mazao husafirishwa kwa malori. Ni rahisi basi kudhani kwamba nchi iliyojaliwa mafuta haina shida. Historia ya Nijeria yakanusha dhana hiyo.

Mafuta yaligunduliwa Oloibiri mwaka 1956, na shehena ya kwanza ikauzwa ng'ambo mwaka 1958. Wakati huo nchi iliishi kwa kakao ya magharibi, mawese ya mashariki na karanga za kaskazini. Mjini Kano magunia ya karanga yalipangwa mfano wa piramidi. Bei ya mafuta ilipopanda karibu mara nne kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974, fedha za kigeni zilifurika, na thamani ya naira ikapanda kupita kiasi. Mkulima wa kakao akapata naira chache kwa zao lake, huku mchele na ngano za kutoka nje zikiwa rahisi sokoni. Vijana waliacha majembe wakaenda mijini. Ukame na maradhi ya karanga yakaongeza pigo, na zile piramidi zikatoweka.

Jirani nao walivutwa na neema hiyo. Waghana wengi walikwenda Lagos kutafuta kazi. Bei ilipoanza kushuka, mwezi Januari 1983 serikali iliamuru wageni wasio na vibali waondoke. Waghana wapatao milioni moja walirejea kwao katika mwaka wa ukame na njaa. Mwaka 1986 pipa la mafuta likauzwa chini ya dola 15.

Nchini Benin, petroli ya magendo kutoka Nijeria iliuzwa kandokando ya barabara kwa bei nafuu, maana serikali ya Nijeria ililipa sehemu ya bei yake. Tarehe 29 Mei 2023 Rais Bola Tinubu alitangaza mwisho wa ruzuku hiyo. Bei ikapanda mara moja nchini Nijeria, na wanunuzi wa Benin wakaumia pamoja na Wanijeria.

Mbele kuna mashaka zaidi. Mwezi Juni 2014 pipa lilizidi dola 100. Januari 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Magari ya umeme nayo yanaongezeka. Norwei ilianzisha mfuko wake wa akiba mwaka 1990. Nijeria ilipitisha sheria ya mfuko kama huo mwaka 2011, zaidi ya nusu karne tangu kuanza kuuza mafuta.

Chama kinachotegemea zao moja kimo katika mashaka yale yale. Mwaka wa bei nzuri ndio mwaka wa kutunisha mfuko wa akiba na kuhimiza zao la pili. Inafaa kila halmashauri ilifikishe jambo hili mbele ya mkutano mkuu kabla bonasi haijagawanywa, kwani akiba haiozi.