Kipimo cha Moyo: Jibu la Kwanza Si la Mwisho

Ni alfajiri mjini Doha. Mlinzi mmoja kutoka Afrika Mashariki anamaliza zamu ya usiku huku kifua kikimbana kana kwamba amewekewa jiwe. Jasho linamtoka na mkono wa kushoto umekuwa mzito. Je, ni chakula cha jana, au ni moyo?

Msikilizaji, swali hilo leo hujibiwa kwa kiasi fulani na matone machache ya damu. Mshipa unaolisha moyo unapozibwa na damu iliyoganda, misuli ya moyo huanza kufa, na protini iitwayo troponini huvuja na kuingia katika damu. Mwaka 1989, Hugo Katus na wenzake wa Heidelberg, Ujerumani, walitangaza njia ya kuipima. Mwaka 2000, vyama vya madaktari wa moyo vya Ulaya na Marekani vilikifanya kipimo hicho kuwa nguzo ya kutambua mshtuko wa moyo.

Sasa vipo vifaa vidogo vinavyotumika kando ya kitanda cha mgonjwa. Damu hutiwa katika kisanduku cha plastiki chenye kingamwili zinazoinasa troponini, na jibu hutoka baada ya robo saa hivi, pasipo kungoja maabara.

Hata hivyo, troponini haijitokezi papo hapo. Kwa vifaa vingi vya aina hii, huonekana saa 3 au zaidi tangu maumivu yaanze. Mlinzi aliyewahi kufika baada ya saa 1 aweza kuambiwa damu yake ni safi, ilhali moyo wake unaendelea kuumia. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa kwanza umeme wa moyo, katika dakika 10 tangu afike, na damu yake hupimwa tena baadaye. Umeme huo ukionyesha kuwa mshipa umeziba kabisa, madaktari hawangoji damu: mshipa huzibuliwa mara moja. Doha ina Hospitali ya Moyo, iliyo chini ya Shirika la Tiba la Hamad, tangu mwaka 2011.

Aliye hatarini zaidi ni yule anayechelea kukatwa mshahara, akalichukua jibu la kwanza kuwa ruhusa ya kurudi kazini. Haraka ya kupiga namba 999, ile ya dharura nchini Qatar, ina baraka. Haraka ya kutoka hospitalini haina. Kabla ya kuondoka, mgonjwa na aulize: nitapimwa tena saa ngapi?