Nani Yuko Hatarini: Kutabiri Saikosisi Kabla Haijaanza



Kila aliyewahi kumpokea kijana aliyeletwa na kaka zake akiwa amefungwa kamba amejiuliza kama jambo hili halikuweza kuonekana mapema. Mzazi akikaa kwenye benchi na kusimulia, masimulizi hufanana. Kijana aliacha kwenda kwa wenzake. Alama za darasani zikashuka. Akawa analala mchana na kuzunguka usiku. Akaanza kusema majirani wanamsengenya. Miezi ikapita, pengine miaka, hadi siku alipompiga mama yake, ndipo hospitali ikakumbukwa. Kwa hiyo dalili zilikuwepo. Kinachotushinda ni kutenganisha: kati ya vijana wengi wenye dalili za namna hiyo, nani ataugua saikosisi, yaani kupoteza uhalisia, na nani zitamtoka zenyewe?

Hoja yangu naitanguliza. Vipimo vilivyopo vinamfaa mtu aliyekuja, au aliyeletwa, kutafuta msaada. Vikipelekwa kuchuja shule nzima au mtaa mzima, vinaumiza watu.

Zamani watafiti walifuatilia zaidi watoto wa wazazi wenye skizofrenia, ugonjwa mmojawapo wa saikosisi. Mtoto mwenye mzazi mmoja mgonjwa ana uwezekano wa takriban asilimia 10 wa kuugua maishani, ilhali kwa watu wote ni karibu asilimia 1. Lakini wagonjwa walio wengi hawana mzazi mgonjwa, hivyo anayefuata ukoo peke yake atawakosa wengi. Mwaka 1994 Patrick McGorry na Alison Yung walifungua kliniki ya PACE mjini Melbourne, Australia, wakaanza kumtazama kijana mwenyewe. Kijana waliyemhesabu kuwa katika hatari kubwa ni wa aina tatu: mwenye dalili hafifu, kwa mfano anayehisi anafuatwa lakini bado anaweza kujiuliza kama ni kweli, aliyepata dalili kamili zikadumu chini ya wiki moja na kuondoka bila dawa, na mwenye ndugu wa karibu mgonjwa, au tabia za asili zinazokaribia ugonjwa huo, ambaye uwezo wake wa kusoma, kufanya kazi na kuishi na watu umeporomoka.

Matokeo ya mwanzo yaliwashtua wengi. Katika ripoti yao ya mwaka 2003, watu wapatao 4 kati ya 10 waliugua ndani ya mwaka mmoja. Kisha namba zikaanza kushuka. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2012 yalikuta asilimia 22 kwa mwaka mmoja na 36 kwa miaka mitatu. Mwaka huohuo jaribio la Uingereza lililoandikisha vijana 288 liliona asilimia 8 tu wakiugua. Mahojiano ya kuwatambua vijana hao yalikuwa ya aina ileile. Kilichobadilika kwa sehemu kubwa ni watu walioletwa kuhojiwa, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo kiini cha mada kilipo.

Mwaka 2015 Paolo Fusar-Poli na wenzake walikusanya tafiti za mahojiano hayo. Walikuta yanawanasa asilimia 96 ya wale watakaougua, lakini yanawaondolea shaka asilimia 47 tu ya wasiougua. Walikuta pia kwamba watu wanaopelekwa kwenye kliniki za namna ya PACE, hata kabla hawajaulizwa swali lolote, tayari wana uwezekano wa asilimia 15 wa kuugua katika miaka mitatu inayofuata. Wamechujwa na mama aliyehangaika, na mwalimu aliyeshtuka, na daktari aliyeandika rufaa. Kwa mtu wa kundi hilo, jibu la "yuko hatarini" linapandisha uwezekano hadi asilimia 26, na jibu la "hayuko" linaushusha chini ya 2. Jibu hilo la pili ndilo lenye nguvu zaidi, nalo hatulisemi vya kutosha. Mzazi anaweza kurudi nyumbani na matumaini yenye msingi.

Sasa tupeleke mahojiano hayohayo kwenye shule ya sekondari yenye wanafunzi 1,000. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba 5 kati yao wataugua katika miaka mitatu ijayo. Tutawanasa wote watano. Lakini kati ya 995 waliobaki, tutawaandika hatarini 527. Orodha yetu itakuwa na majina 532, na 527 kati yake ni ya watoto ambao hawaelekei kuugua. Nani atakayewaeleza wazazi wao? Bwenini habari hiyo itafika kabla ya chakula cha jioni. Nimesikia mapendekezo ya nia njema kabisa ya kuwajazisha dodoso wanafunzi wote wa kidato cha tano, na kwa hesabu hii nayapinga waziwazi.

Wapo waliojaribu kuongeza usahihi. Marekani, mwaka 2016, Tyrone Cannon na wenzake walitoa kikokotoo kilichotokana na vijana 596 ambao tayari walikuwa kwenye kliniki za hatari. Kinaangalia umri, uzito wa mawazo yasiyo ya kawaida na shuku, kushuka kwa mahusiano na watu, kumbukumbu ya maneno, kasi ya akili, ndugu wagonjwa, na maumivu aliyopitia mtu. Ukichukua vijana wawili, mmoja atakayeugua na mwingine asiyeugua, kikokotoo kinamweka wa kwanza juu mara 71 kati ya 100. Kinafaa, lakini si cha kumhukumia mtu. Wengine walitumia kompyuta kuchambua mazungumzo: mwaka 2015 ilitangazwa kwamba uchambuzi huo ulibashiri bila kukosea hata mmoja. Waliochunguzwa walikuwa vijana 34, na waliougua walikuwa watano. Tusiwe wepesi wa kununua mtambo kwa ushahidi wa watu watano.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa London Kusini, wa mwaka 2017. Kundi la Fusar-Poli lilipitia kumbukumbu za wagonjwa 91,199 waliokwisha kuhudumiwa kwa matatizo mengine ya akili, na likagundua kwamba kati ya walioishia kupata saikosisi, takriban asilimia 5 tu ndio waliokuwa wamepita kwenye kliniki ya hatari. Waliobaki walikuwa mikononi mwa wahudumu, wakitibiwa sonona, wasiwasi, au matumizi ya dawa za kulevya. Wakatengeneza kikokotoo kinachotumia vitu vilivyomo tayari kwenye faili: umri, jinsia, asili ya mtu na utambuzi wa kwanza. Njia hii inatufaa, lakini namba zake hatuwezi kuzibeba. Kipengele cha asili kinapima tofauti kati ya Mwingereza mweupe na mhamiaji au Mweusi anayeishi London. Kwetu hakina maana yoyote. Hesabu yetu lazima itoke kwenye mafaili yetu, na faili lililoandikwa "mgonjwa wa akili" tu halina cha kuhesabu.

Maswali yenyewe pia yanahitaji uangalifu. Kijana aliyemzika bibi yake juzi akasikia akiitwa jina usiku, binti aliyelelewa katika nyumba inayopunga pepo, mlokole anayesema Mungu amesema naye: ukiwauliza kama wanasikia sauti wasizosikia wengine, watajibu ndiyo, nao ni wazima. Maana ya dalili waulizeni watu wa nyumbani kwa kijana. Je, wao wenyewe wanashangaa? Je, amebadilika kutoka alivyokuwa? Je, anateseka, na ameacha kufanya alichokuwa akikifanya? Anayehofia kurogwa huku akiendelea na biashara yake ya genge ana hofu ya kawaida ya mtaani kwake. Aliyelifunga genge kwa sababu kila mteja ni mrogaji, huyo tumfuatilie.

Juu ya bangi nitasema kwa ufupi. Utafiti wa Marta Di Forti na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019 kutoka vituo vya Ulaya na Brazili, ulikuta wanaovuta kila siku wana uwezekano mara tatu zaidi wa kuugua saikosisi, na wanaovuta ile kali kila siku karibu mara tano. Wavutaji wengi hata hivyo hawaugui. Ulizeni anavuta mara ngapi na alianza na umri gani, na muulizeni bila kumtisha, la sivyo atadanganya.

Tukishamwona aliye hatarini, tumfanyie nini? Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2014 unakataza kumpa dawa za saikosisi kwa lengo la kuzuia tu. Unashauri tiba ya mazungumzo, pamoja na kutibu sonona na wasiwasi alionao. Mafuta ya samaki yalileta matumaini makubwa katika jaribio dogo la Vienna mwaka 2010, lakini jaribio kubwa zaidi lililochapishwa mwaka 2017 halikuona faida hiyo. Rogaland, Norway, walichagua njia nyingine: waliwaelimisha wananchi, walimu na madaktari, wakaweka timu ya kumwona haraka yeyote anayeletwa. Muda wa kukaa na saikosisi bila tiba ukawa wiki 5, wakati maeneo ya kulinganisha yalikuwa na wiki 16. Hao hawakutabiri chochote. Waliwahi tu.

Kwetu, kuwahi maana yake ni pamoja na kufika kwa waganga wa tiba asili, masheikh na wachungaji. Utafiti wa Ngoma na wenzake jijini Dar es Salaam, wa mwaka 2003, ulikuta matatizo ya kawaida ya akili kwa asilimia 24 ya waliohudhuria kliniki za afya ya msingi, na asilimia 48 ya waliohudhuria kwa waganga. Watu wanaotafuta msaada wako huko, na rufaa nyingi za mapema zitatoka huko endapo tutawaheshimu wanaozitoa.

Naomba basi semina hii iridhie fomu moja ya ukurasa mmoja kwa vituo vyetu vyote. Iwe na tarehe ambayo familia iliona badiliko la kwanza, aliyeliona, aliowaendea kabla yetu, shughuli alizoziacha kijana, matumizi ya bangi na pombe, ndugu wagonjwa, na utambuzi wa kwanza kwa jina lake kamili. Neno saikosisi lisiandikwe hadi ugonjwa wenyewe uwepo. Kijana apewe tarehe ya kurudi kila mwezi kwa mwaka wa kwanza, na asipofika, muuguzi ampigie simu mtu aliyemleta. Baada ya miaka mitatu tuzikusanye fomu hizo, tuhesabu walioumwa na wasioumwa, na vituo viwili viteuliwe leo kabla hatujatawanyika ili kazi ianze.