Udongo wa milima yetu hauna kabila

Wapenzi wasikilizaji wa Kalehe, ninyi wa kando ya ziwa na ninyi wa milimani, Numbi na Ziralo,

Leo tuzungumze juu ya vitu ambavyo jembe linafunua: vigae vya vyungu, mavi ya chuma, mawe ya kusagia. Mtu akiokota kigae, mara nyingine anasema: "Hiki ni cha babu yangu, basi shamba ni langu." Hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Ndugu zangu, kigae hakisemi kabila. Hiernaux na Maquet, katika vitabu vyao vya mwaka 1957 na 1960, walieleza vyungu vya kale vya Rwanda, Burundi na Kivu. Vingine vinafanana pande zote mbili za ziwa. Waliovifinyanga hawakujua mipaka yetu ya leo.

Sasa sikilizeni habari ya Katuruka, huko Buhaya, Tanzania. Miaka ya 1970, Mmarekani Peter Schmidt hakuanza na jembe. Alianza kwa kuwauliza wazee. Wakamwonyesha mahali pa mti wa Kaiija, ambapo masimulizi yao yalisema palikuwa na uhunzi. Alipochimba, akakuta kweli kazi ya chuma ya zamani sana.

Na sisi tuwaulize wazee wetu. Mhavu, Mtembo, Mtwa na asemaye Kinyarwanda, mama na baba, watembee pamoja mlima mmoja. Kila mmoja aseme: hapa palikuwa kijiji, hapa malisho, hapa Wabelgiji walituchimbisha mitaro ya kuzuia udongo. Kijana aandike yote katika daftari, hata pale wanapopingana. Asifute neno la mtu. Vigae viachwe mahali pake, maana kikiisha kuhamishwa hakina tena ushuhuda.

Kazi hii si ya kutafuta nani alifika kwanza. Ikigeuzwa kuwa hivyo, afadhali tuiache. Lakini kumbukeni tarehe 4 Mei 2023: maji yalishuka Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. Maji hayakuuliza kabila. Mzee anayejua mto ulipita wapi zamani, elimu yake ni ya watoto wetu wote.

Basi wiki hii, mwulize mzee wa jirani yako, si wako tu.

Mukae na amani.