Mchanga wa Kunduchi

Ndugu msikilizaji uliyeko Mugumu, Nyamongo au Sirari, pengine bahari hujaiona ila katika picha. Leo twende Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam. Siku hizi ni kata ya Kinondoni na jiji limeimeza, lakini asili yake ni kijiji cha wavuvi, na samaki wangali wakiuzwa pale ufukoni.

Kijiji hicho ni kikongwe. Kwenye mibuyu pana gofu la msikiti wa karne ya 15 au ya 16, na makaburi ya miaka ya baadaye yenye nguzo za mawe. Katika nguzo hizo wenyeji walipachika bakuli za Kichina. Nyingi zimekwisha kubanduliwa, yamebaki matundu ya duara. Ukiyatazama unatambua kuwa watu wa hapo walifanya biashara na dunia zamani sana, kabla Mjerumani hajajenga ngome yake kule kwetu Ikoma.

Lakini kinachowavuta watu wa mjini siku za Jumapili si makaburi, ni ufuko. Sasa sikiliza. Hoteli moja kubwa ya mwambao huo, Africana, iliachwa ikawa gofu baada ya bahari kuula ufuko wake. Gofu jipya jirani na la kale! Wataalamu walitaja sababu kadhaa, pamoja na baruti za wavuvi zinazovunja matumbawe. Iliyonisimamisha mimi ni ya mchanga. Kumbe sehemu kubwa ya mchanga wa ufuko huletwa na mito kama Tegeta na Mbezi wakati wa mvua, kisha mawimbi huutandaza pwani. Malori yakiuchota mtoni ili watu wajenge nyumba, bahari hupokea kidogo, na mawimbi hayaachi kuchukua. Mwenye lori haoni ufuko. Mwenye hoteli haoni mto. Hoteli zikajenga kuta za mawe kuingia baharini, nazo hushika mchanga upande mmoja na kumnyima jirani wa upande wa pili.

Usiwacheke watu wa pwani, ndugu yangu wa Tarime. Nyumba zetu nazo zimejengwa kwa mchanga wa mitoni, na Mto Mara unamwaga maji yake ziwani. Huko chini yuko mvuvi, na sidhani kama kuna aliyewahi kumwuliza neno kabla ya kupakia tipa.